SAFARI NI MADRASA YA MTOTO

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeitandaza ardhi na kutufanyia njia ndani yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, kila mwisho wa mwaka, skuli zifungwapo, mabasi ya Mwembe Tayari hujaa watu wa kisiwa chetu cha Mombasa waendao bara, na gari moshi litokalo Miritini hujaa vile vile. Wako waendao arusini, wako waendao matangani, na wako waendao kuwatazama jamaa zao walioko Kibwezi, Emali na Kitui. Wengi katika hao hufuatana na watoto wao. Nasi sote twajua jinsi safari hiyo itayarishwavyo. Mama hukesha akipika maandazi na kukaanga samaki. Baba hutafuta tikiti. Nguo hupigwa pasi na kufungwa mikobani. Matayarisho hayo ni mema wala hatuyakatazi. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waulizanao, mume na mkewe, kabla ya kufunga mlango: Je, mtoto huyu atajifunza nini njiani?

Jueni, ndugu zangu, kwamba mtoto wa kisiwani hupata malezi asiyoyalipia mzazi wake. Huamka kwa adhana za misikiti mitatu au minne kwa pamoja. Jioni huenda chuoni pamoja na wenziwe. Akipita njiani wakati wa sala, mzee yeyote humwuliza kama amesali. Akitoa neno chafu, jirani humkanya. Basi mzazi akimwona mwanawe anasali na ana adabu hujisifu akasema, nimelea. Kumbe aliyelea ni mji. Siku ile mtoto apandapo basi na kuuacha mji nyuma, hana tena wa kumlea ila baba yake na mama yake, na hapo ndipo ijulikanapo kazi yao wawili. Wanavyuoni wamesema kuwa safari kwa Kiarabu imeitwa safar kwa kuwa hufunua tabia za watu zilizokuwa zimefichika. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipomsikia mtu akimsifu mwingine, alimwuliza kama amepata kusafiri naye, alipojibu la, akamwambia kuwa basi hamjui.

Nami sitawaeleza mambo ya watu wengine ilhali nina la kwangu. Naliandika kwa haya, lakini huenda likamfaa msomaji.

Mwaka mmoja katika ile miaka ya ukame, baina ya 2020 na 2023, nilisafiri na wanangu wawili kwenda Kitui kwa njia ya Kibwezi. Mwanamume alikuwa na umri wa miaka kumi, na dada yake saba. Tulipokwisha kuupita mji wa Mtito Andei basi letu liliharibika, tukashushwa kando ya njia katika jua la adhuhuri. Maji tuliyochukua yalikuwa yamekwisha. Karibu na hapo palikuwa na boma, akatoka bibi mmoja wa Kikamba, mtu mzima, akatukaribisha kivulini. Akamwita mjukuu wake, msichana aliyelingana na mwanangu, akaleta dumu la maji na kikombe, akasema, “Kunyweni, wanangu, jua ni kali.”

Dada mtu akakinyoshea mkono kile kikombe. Kaka yake akamshika, akamwambia kwa sauti aliyodhani ni ndogo, “Usinywe. Hawa ni washenzi.”

Bibi yule alisikia, maana Kiswahili alikijua vyema. Mimi sikupata la kusema. Yeye akanitazama mimi, hakumtazama mtoto, akasema, “Mwache, baba. Mtoto husema alilolisikia.”

Ndugu zangu, neno lile halikumwumiza mtoto. Liliniumiza mimi, kwa kuwa nilijua alikolisikia. Alilisikia barazani kwangu. Mara ngapi nimelitamka nikicheka na wenzangu, na yeye kaketi mlangoni akichezea kigari chake!

Wala hayakuisha hapo. Nilipokuwa naomba radhi, mwanangu alikwisha kulichukua lile dumu akaenda nalo kando kutawadha, maana wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Akatawadha kama atawadhavyo kwenye mfereji wa msikiti, maji yakimwagika mchangani, na yule msichana amesimama akiyatazama. Baadaye nikaambiwa kuwa maji yale yalitekwa katika shimo lililochimbwa ndani ya mto mkavu, na kwamba msichana yule alitoka alfajiri kuyafuata. Mwanangu alidhani amefanya ibada. Lakini maji aliyopewa mtu ayanywe, si halali yake kutawadhia bila ya idhini ya mwenyewe. Na maji yanayohitajiwa kwa kiu ya watu au ya wanyama, sheria yetu imeyaweka kwa kiu hiyo, na mwenye kusali akatayamamu. Hayo yamo katika vitabu vidogo kabisa vya fiqhi tusomeshavyo watoto wetu. Mwanangu alikuwa ameyasoma, lakini hakupata kuonyeshwa na baba yake siku hata moja namna yatendwavyo.

Katika kisa hiki yamo mambo yatupasayo kuyatazama moja moja.

LA KWANZA: KIBURI CHA KISIWANI

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Surat al-Hujurat kuwa ametuumba kwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kutufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Na katika Surat Luqman ametusimulia baba akimwusia mwanawe asiwageuzie watu uso kwa kiburi, wala asitembee kwa maringo. Tazameni: wasia huo ni wa baba kwa mtoto, kwa kuwa kiburi cha namna hii hakizaliwi na mtu, hurithishwa.

Na lau tungalijua mambo yetu wenyewe tungaliona haya. Katika miaka ya 1840, kabla ya reli na kabla ya lami, misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikishuka kutoka Kitui mpaka pwani na pembe za ndovu, na mkubwa wao mmoja, Kivoi, alijulikana sana Mombasa kwa biashara hiyo. Baadaye Waswahili nao wakapanda na misafara yao, wakapokewa huko, wakanunua vyakula huko, wengine wakaoa na kukaa, na Uislamu ukapata wenyeji Ukambani. Hata mji wa Sultan Hamud, tuupitao katika Makueni, umechukua jina la Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 hadi 1902. Basi huko si ugenini kwetu kama tunavyodhani.

Na liko kubwa zaidi. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo sehemu yake imo katika Makueni, huzama ndani ya mawe ya volkano, ikapita chini ya ardhi, kisha ikatokeza katika chemchemi za Mzima. Na kutoka Mzima, tangu miaka ya 1950, maji huletwa kwa bomba mpaka Mombasa. Mtoto wetu hunywa maji hayo na hutawadha kwayo. Basi je, yamkini mtu akanywa maji yatokayo upande wa watu fulani nyumbani kwake, kisha akakataa kikombe chao nyumbani kwao? Na zile embe za Makueni tuzigombaniazo sokoni, na asali ya Kitui tuifanyayo dawa, na pojo tupikazo kwa nazi, zimelimwa na kurinwa na mikono ya nani?

Ewe baba, lisafishe baraza lako kabla hujamsafisha mtoto. Maneno “washenzi” na “watu wa bara hawana adabu” yaondoke midomoni mwetu, kwani mtoto hayachukui kama mzaha. Huyachukua kama dini.

LA PILI: SALA YA NJIANI

Wako watu, na wengi wao ni wenye kusali sana mjini, ambao wakipanda basi huiweka sala mpaka wafike. Mtoto akiuliza, huambiwa, “Tutalipa.” Hivyo hufundishwa kuwa sala ni desturi ya mjini, na kwamba Mungu wa Mombasa hayuko Makindu. Audhu billahi!

Ilhali Mwenyezi Mungu ametufanyia wepesi mkubwa. Msafiri wa safari ya halali, iliyofika marhala mbili, nazo hukadiriwa kuwa kilomita 80 na ushei, amepewa ruhusa ya kuipunguza adhuhuri, alasiri na isha zikawa rakaa mbili mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri katika wakati wa mojawapo, na magharibi na isha vile vile. Magharibi haipunguzwi, wala alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi. Basi linaloondoka Mombasa asubuhi kwa kawaida husimama Mtito Andei, ambako ni kama nusu ya njia ya Nairobi. Hapo msafiri aweza kusali zote mbili kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kungojea chai. Lakini mwulize dereva kabla ya kuondoka mahali atakaposimama, wala usingoje mpaka wakati umebana.

Na faida yake kwa mtoto ni kubwa. Mwite ukamwambie: leo tunasali rakaa mbili kwa sababu hii na hii; tafuta kibla; wewe ndiye wa kuadhini. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka saba. Mtoto aliyeisali sala ya safari mara moja pamoja na baba yake, juu ya mkeka kando ya njia, haisahau, na huijua kuliko aliyeisoma kitabuni mara kumi. Mwonyeshe pia kutayamamu kwa mchanga ulio safi, na mweleze kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja tu cha maji. Kitui na Makueni ni nchi ya mito ya msimu. Mtoto asiyejifunza thamani ya tone huko, hatajifunza mahali pengine.

LA TATU: UONGO WA NAULI

Hili ni dogo machoni mwetu, na mbele ya Mwenyezi Mungu si dogo. Mtoto hulipiwa nusu mpaka umri fulani. Basi akikaribia utingo, baba husema, “Huyu hajafika,” na mtoto mwenyewe yuasikia, na umri wake aujua. Pengine hufundishwa kabisa: ukiulizwa sema una miaka kadha. Shilingi chache zimeokolewa, na ukweli wa mtoto umeuzwa.

Imepokewa na Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yupo. Akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Akamwambia kuwa lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uongo. Ikiwa ahadi ya tende kwa mtoto huhesabiwa hivyo, seuze uongo unaosemwa kwa ulimi wa mtoto mwenyewe ili kula haki ya mtu? Kisha mtoto huyo akiwa mkubwa akatudanganya, twashangaa na kuuliza amejifunza wapi.

LA NNE: HIRIZI NA TEGEMEO

Katika matayarisho ya safari wako mama zetu, Mungu awaongoze nasi pamoja nao, wamfungao mtoto hirizi kwapani kwa kuogopa jicho la watu wa njiani, na wako wanaompeleka kwanza kaburini kuweka nadhiri kwamba akirudi salama watapeleka ubani na mchele. Twajua kuwa litendalo hayo ni pendo la mama, wala hatulicheki pendo hilo. Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kutundika hirizi, na akaieleza kuwa ni katika shirki. Tena tazama mtoto afundishwavyo: njia nzima mkono wake uko kwapani, yuatazama kama kamba imekatika. Ikikatika hulia. Moyo wake umefungwa kwenye kipande cha ngozi.

Badala ya hayo ziko dua. Mtoto apandapo chombo na asomeshwe maneno ya Surat az-Zukhruf tuliyoamrishwa tuyaseme juu ya vipando, ya kumtakasa Aliyetutiishia kitu hiki ambacho kwa nguvu zetu tusingalikiweza. Na asomeshwe Ayat al-Kursi na Qul za kujikinga, kwa maana zake, si kwa sauti peke yake. Na mzazi na akumbuke habari hii njema: Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa dua tatu hazina shaka kukubaliwa, dua ya aliyedhulumiwa, dua ya msafiri, na dua ya mzazi kwa mwanawe. Ewe mzazi uliye safarini na mtoto wako! Mbili katika hizo tatu unazo mkononi kwa wakati mmoja. Utaziachaje ukashika kamba?

LA TANO: HAKI YA MSAFIRI

Katika Makindu iko gurdwara ya Masingasinga iliyojengwa mwaka 1926. Kila apitaye, wa dini yoyote na kabila lolote, hukaribishwa chakula bila ya malipo, na mwenye kuchoka hupewa mahali pa kulala. Hatusemi kwa hayo kuwa dini zote ni moja. Itikadi yetu yajulikana. Lakini Qur'ani yetu imetuamrisha uadilifu, na katika uadilifu ni kulikiri jema pale lilipo.

Kisha tujiulize. Mwenyezi Mungu ametutajia msafiri, ibnus-sabil, katika mafungu manane ya Zaka katika Surat at-Tawba. Miji ya njia hii ina misikiti, na Waislamu wake wengi ni watu wa kipato kidogo waliojitahidi juu ya uwezo wao, Mungu awalipe. Sisi matajiri wa pwani tupitao hapo na mabasi yetu na malori yetu tumewasaidia nini? Je, msikiti wa njiani una maji? Una choo kisafi? Una mahali ambapo mama mwenye mtoto mchanga aweza kutawadha kwa sitara na kusali? Pale ambapo hapana, baba huingia akasali na mwanawe wa kiume, na mama na binti hubaki ndani ya basi, sala yao ikapita. Hivyo binti naye amesomeshwa jambo siku ile: kwamba sala ya njiani si yake. Rai yetu ni hii: sadaka tuliyozoea kuitoa kwa karamu na kwa nadhiri za makaburi, na itumike kuchimba kisima na kujenga chumba cha wanawake katika misikiti ya njia ya bara. Maji hayo watakunywa wasafiri, na jirani wa msikiti, Mwislamu na asiye Mwislamu, atateka.

HATIMA

Ndugu zetu, mtu aweza kusema: safari ni mashaka, watoto hulia na kutapika, mzazi atapata wapi nafasi ya kusomesha? Ni kweli. Mtume (S.A.W.) mwenyewe ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwani humzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, na akatuamrisha tukimaliza haja yetu turudi upesi kwa watu wetu. Lakini huyo huyo Mtume wetu siku moja alikuwa amempakia nyuma yake kijana mdogo, Abdallah bin Abbas (R.A.). Hakumwacha hivi hivi. Alimwita kwa upole, akamwambia atamfundisha maneno: amhifadhi Mwenyezi Mungu, naye Mungu atamhifadhi, akiomba amwombe Yeye, na akitaka msaada autake Kwake, na ajue kuwa watu wote wakikusanyika hawataweza kumfaa wala kumdhuru ila kwa alilomwandikia Mungu. Maneno yale yalisemwa juu ya kipando, kwa mtoto, nayo ni katika misingi mikubwa ya dini yetu hata leo. Na mtoto yule akawa bahari ya elimu ya umma huu. Basi kiti cha basi ni madrasa kwa atakaye.

Ama sisi siku ile, tulisali chini ya mti wa yule bibi. Nilimwamrisha mwanangu alichukue dumu lile tupu, akaenda na mjukuu wa bibi mpaka mtoni, akarudi nalo limejaa. Alirudi jioni miguu imejaa vumbi na mabega yakimwuma. Alilitua mbele ya bibi, akasema neno alilofundishwa njiani na yule msichana, “Muvea, mwaitu,” yaani ahsante, mama. Bibi akampa kikombe. Akanywa mpaka mwisho.

Tangu siku ile neno lile la zamani halijasikika tena nyumbani kwetu. Lakini sidai kuwa mimi ndimi niliyemfundisha mwanangu. Mimi nilimfundisha lile la kwanza. La pili alifundishwa na bibi wa Makueni, kwa kikombe kimoja cha maji, nami namwomba Mwenyezi Mungu amlipe kwa wema wake na amwongoze yeye na sisi kwenye kila la haki.

Ee Mola wetu, tujaalie sisi na watoto wetu wenye kusimamisha sala, tukiwa mjini na tukiwa safarini. Zisafishe ndimi zetu kabla hazijarithiwa na watoto wetu. Wahifadhi wasafiri wa Kiislamu katika bara na bahari, na uwanyeshee waja Wako wa Kitui na Makueni mvua yenye manufaa. Amin.

Wallahu a'lam. Was-salaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.